Saa Moja ya Hewani, Bukoba hadi Mwanza

Vijana wangu, ninyi mnaoandika majina ya miji miwili katika simu na kupewa papo hapo umbali wake na muda wa kuruka, sina ugomvi na simu zenu. Mjukuu wangu aliandika Bukoba, akaandika Mwanza, na kabla sijaiweka miwani yangu sawasawa jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Nililitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa jibu sahihi. Nilichokosa kukiona ni mtu aliyelitafuta, maana katika miaka ya mwisho ya Mwingereza mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa karani wa uwanja wa ndege wa Bukoba. Neno uwanja lisiwapoteze. Ulikuwa ukanda wa nyasi kando ya ziwa, uzio wa seng'enge, na kibanda cha bati chenye meza, simu ya upepo, na mizani ya kupimia magunia ya kahawa. Ndege ilitoka Entebbe, ikatua kwetu, ikaendelea Mwanza. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yaliyotengenezwa kwa mbao na kuvikwa kitambaa kilichopakwa rangi, na ilichukua abiria saba. Kazi yangu ilikuwa kupima watu na mizigo, kupima upepo, na kumwandikia rubani karatasi moja yenye mambo matatu: umbali, uzito na muda.

Aliyenifundisha ni Ta Ishengoma. Kwetu mzee unayemheshimu humwiti jina tupu, unatanguliza Ta. Alikuwa amehudumu miaka mingi katika meli za ziwani kabla ya kuletwa uwanjani, na aliizungumzia ndege kama mtu anavyomzungumzia shemeji ambaye bado hajamwamini. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi ramani, rula, na uzi mweusi wa kushonea.

"Mutalemwa, umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La kumi, Ta."

"Unajua mengi mno. Weka uzi Bukoba, uvute hadi Mwanza."

Nikauvuta, nikaupima kwa rula, nikapata maili mia moja na kumi, pengine na moja ya ziada kutegemea utulivu wa mkono.

"Sasa niambie uzi umepita wapi."

"Majini, Ta."

"Wote?"

"Karibu wote. Kisiwa cha Bumbire kiko kando, upande wa kulia."

"Hakuna kibanja cha migomba, hakuna barabara, hakuna mtu wa kumwomba maji." Akaweka kidole katikati ya ile buluu. "Ukikosea hesabu, mtu wako anashuka hapa."

Nilikuwa nimekwisha kusafiri kwenda Mwanza mara moja kwa meli, na meli ilikuwa imekula usiku mzima. Kwa barabara ilikuwa siku mbili, kama mvua ilikuwa na huruma. Ndege yetu ilikwenda maili mia na kumi kwa saa, basi hesabu ilijifanya yenyewe: umbali na mwendo vilikuwa namba ileile, na jibu likawa saa moja. Jioni ile nilirudi nyumbani, mtaa wa Bakoba, nikitembea polepole kuliko kawaida. Kila mgomba niliupita nikiufikiria: kwa muda ninaotumia kutoka uwanjani hadi mlangoni kwetu, nikipitia sokoni na kusalimia watu kama inavyopasa, mtu mwingine anavuka ziwa.

Lakini saa moja ni jibu la siku isiyo na upepo, na siku ya namna hiyo ni adimu. Asubuhi sana upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, hugeuka na kutoka ziwani kuja kwetu. Anayeondoka mapema husukumwa mgongoni, anayechelewa husukumwa kifuani. Tulikuwa na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo, lakini Ta Ishengoma aliutazama kwa dharau. Yeye alitazama wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kwa mamilioni wakaonekana kama moshi. "Mfuko unakuambia upepo wa hapa," alisema. "Moshi ule unakuambia upepo wa kule anakokwenda mtu. Tazama unakolalia." Namba niliyoipata kwa moshi ule ilikuwa bora kuliko namba ya mfuko, na nimeshindwa hadi leo kueleza kwa nini jambo hilo lilinitia hofu badala ya furaha.

Nilipenda usahihi kupita kiasi. Mwezi wangu wa pili nilimwandikia rubani kwamba atafika Mwanza kwa dakika hamsini na nane na sekunde arobaini. Rubani, Mwingereza mwembamba tuliyemwita Kapteni, aliyejua Kiswahili kifupi cha Entebbe, aliisoma karatasi mara mbili.

"Sekunde hizi nitaziona wapi?"

"Kwenye saa yako, bwana."

"Nikiangalia saa, nani anaangalia ziwa?"

Ta Ishengoma alicheka hadi akalazimika kukaa. Tangu siku hiyo sekunde nilizihesabu kichwani tu.

Upimaji wa abiria nao ulikuwa na vituko vyake. Watu waliozoea kuona kahawa ikipanda mizani ile hawakupenda kuipanda wao. Mfanyabiashara mmoja mnene wa kahawa alisimama juu yake, akaniuliza mbele ya watu, "Utaniandika daraja gani, la kwanza au la pili?" Mwenzake akamjibu kutoka nyuma, "Bado hujakaushwa, ndugu, utarudishwa kwenye jamvi." Kina mama waliniomba nisisome ratili za uzito wao kwa sauti, nami nikajifunza kuziandika bila kusogeza midomo. Shikeni hili, nanyi mnaofanya kazi hizi leo kwa mashine: anayempima mtu anaingia katika siri yake, na lazima atoke humo kimyakimya.

Sasa nifike ninakoogopa kufika.

Kulikuwa na mama mmoja mjane kutoka Kishanda, huko Muleba, aliyeitwa Ma Kokugonza. Mwanawe wa pekee, Projestus, alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Mwanza, na mashine ilikuwa imemponda mguu. Telegramu ilisomwa na katekista wa kijiji chao. Ilisema mguu umeoza na lazima ukatwe; kwamba mgonjwa amekataa katakata, na anasema hakubali mpaka mama yake amwambie kwa kinywa chake; na kwamba daktari anaweza kungoja hadi saa sita mchana wa siku iliyotajwa, wala si zaidi, kwa sababu sumu ilikuwa ikipanda. Meli ilikuwa imeondoka jana yake. Ukoo ukamkatia nafasi katika ndege, ya saba na ya mwisho, na asubuhi ya siku hiyohiyo iliyotajwa akasimama mbele ya meza yangu, mdogo, amejifunga kitenge vizuri, rozari mkononi na kikapu kichwani. Alikuwa amelala kwa kaka yake Bakoba, na nyumba nzima ya kaka yake ilikuwa imekuja kumsindikiza.

"Mwanangu, Mwanza ni mbali?"

"Maili mia na kumi, mama."

"Sikuuliza maili. Nauliza jua litakuwa wapi nitakapofika."

Nilinyoosha mkono kuelekea kisiwa cha Musira, kilichokuwa mbele yetu ziwani, nikaupandisha juu yake hadi mahali jua hufika saa tatu asubuhi. "Hapo."

"Leo?"

"Leo, mama."

Aliutazama mkono wangu mpaka ukachoka. "Kutoka nyumbani kwangu hadi barabara kuu, kungoja lori la kahawa, nimetembea muda mrefu kuliko huo," alisema taratibu, bila kunilaumu, kama mtu anayejaribu kusikia uzito wa kitu mkononi.

Nilimpima: ratili tisini na nane. Kikapu: ratili kumi na nne. Nikaandika, nikajumlisha abiria wote saba na barua za posta, nikapata jumla iliyo chini ya kikomo kwa ratili chache sana. Kulikuwa shwari, moshi wa wadudu ulisimama wima. Nikaandika: muda, saa moja.

Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo ninalirudia kichwani. Mezani nilikuwa na kifurushi cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hutafunwa na mgeni kabla ya mazungumzo yoyote. Mama alikuwa anakwenda kwa mgonjwa. Mtu hasindikizwi kwenda kwa mgonjwa na mikono mitupu. Nimelelewa hivyo, na mkono wangu ulilijua kabla ya kichwa. Alipokuwa anaagana na kaka yake, nilifunua kikapu nikakiweka ndani. Ratili mbili na nusu. Mimi, mwandishi wa sekunde arobaini, sikuona kwamba nimeongeza uzito. Nilikiona kuwa heshima, na heshima sikujua kwamba ina ratili.

Ndege ikaenda hadi mwisho wa ukanda, ikageuka, ikaanza kukimbia. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelowesha nyasi. Niliwahi kuiona ikikimbia mara nyingi kiasi kwamba miguu yangu iliujua wakati wa mkia kuinuka. Wakati ulipita, mkia haukuinuka. Ziwa lilikuwa mbele yake. Injini zikashuka sauti ghafla, ndege ikayumba, ikasimama ikiwa imebakiza hatua ambazo sikutaka kuzihesabu, nami nikazihesabu: thelathini na moja.

Kapteni alirudi nayo hadi kibandani, akashuka, akanijia na karatasi yangu.

"Wewe ulipima?"

"Ndiyo, bwana."

"Pima tena. Wote. Mimi nasimama hapa."

Tulipofungua mizigo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekitazama kila wiki bila kukiona. Wasindikizaji walikuwa wamesimama kwenye uzio, na kila aliyepita kutoka mizani hadi ngazi ya ndege alikuwa amepewa kitu kupitia seng'enge. Kichane cha ndizi hapa, mkebe wa senene waliokaangwa pale, samaki wa kukaushwa, kibuyu cha pombe ya rubisi kilichozibwa kwa jani la mgomba. Kwa siku nyingine za upepo na nyasi kavu ndege ilikuwa imevumilia. Siku hiyo jumla yake ilikuwa ratili tisini na mbili: abiria wa nane asiye na jina katika karatasi yangu. Siwezi kusema kwamba uzito huo peke yake ndio ulioizuia. Nyasi zilikuwa na sehemu yao, na ile shwari pia. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi. Nilipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu nilirudi darasani, nikafika hadi shahada ya uzamili ya usafiri wa anga, na msimamizi wangu alishangaa kwa nini sura ya uzito katika tasnifu yangu niliiandika upya mara tisa.

Zamu ya Ma Kokugonza ikafika. Kikapu, bila ndizi alizopewa na kaka yake uzioni, kilisoma ratili kumi na sita na nusu. Kapteni akachomoa kile kifurushi.

"Hiki hakimo kwenye karatasi. Cha nani?"

Mama alinitazama. Alikuwa ameniona nikikiweka. Nililijua hilo katika nukta ile.

"Changu," alisema.

Kapteni akakunja karatasi. Akasema kwamba uwanja huu hauna namba za kuaminika, na kwamba yeye anakwenda na barua tu. Abiria watangoja ndege ya wiki ijayo. Alisema bila hasira, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mahali pa kumbembeleza. Jua lilikuwa limekwisha kupita pale nilipopaonyesha kwa mkono wangu. Mama hakulia. Alianza kupanga upya vitu vyake kikapuni, kimoja kimoja, kama mtu aliyeko jikoni kwake.

"Ni changu, bwana," nikasema. "Nilikiweka mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Baada ya kumpima."

"Kwa nini?"

"Anakwenda kwa mgonjwa," nikasema.

Kapteni alimgeukia Ta Ishengoma kama anayeomba tafsiri, ingawa kila neno alikuwa amelielewa. Ta Ishengoma alivua kofia. "Bwana, namba za kijana huyu ni za kweli mpaka kwenye mizani. Kutoka mizani hadi ngazi ndipo tunapokuwa watu wa Bukoba. Nipe nusu saa niifunge njia hiyo. Yule mama akibaki, mwanawe anakufa leo."

Kapteni alitazama saa yake, akatazama ziwa. "Nusu saa."

Tatizo halikuwa kushusha zawadi. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekubali kuzirudisha alikozitoa. Zawadi ikirudi mkononi mwa aliyeitoa imekataliwa, na aliyekataliwa mbele ya watu hasahau. Abiria walizishika, wasindikizaji wakarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye uzio na kuficha mikono. "Mimi nimekwisha kutoa," alisema kaka wa Ma Kokugonza. "Sitoi mara mbili, wala sipokei ndizi zangu." Mfanyabiashara mmoja akasema, "Basi nizile zote hapa, nipimwe tena," watu wakacheka, lakini dakika zilikuwa zinakwisha.

Ndipo nilipomwona mwalimu wangu akifanya kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha usafiri wa anga. Alisimama kati ya mizani na ndege, akanyoosha mikono miwili. "Mimi hapa ni Mwanza," alisema. "Aliyetumwa kupeleka kitu Mwanza, amekwisha kufika. Leteni." Akamwita abiria wa kwanza, akauliza jina la yule ambaye zawadi inamwendea, akaipokea kwa mikono miwili akiinama, akashukuru kwa Kihaya kwa jina hilo, "Wakola, waitu," sawasawa na ambavyo mwenyewe angeshukuru, kisha akaiweka chini nyuma yake kwenye nyasi, ingoje meli. Akampokelea shangazi wa mtu. Akampokelea padri. Akawapokelea mapacha waliozaliwa juzi, akashukuru mara mbili. Kicheko kilikoma baada ya wa pili. Wasindikizaji walianza kuitikia kutoka uzioni kama wanavyoitikia ugenini. Nilimpa kifurushi changu kwa ajili ya Projestus wa Ma Kokugonza. Alikipokea, akafungua, akatafuna buni moja kwa niaba ya mgonjwa, akasema, "Nimeona, nashukuru." Mama akainamisha kichwa.

Wasindikizaji waliondoka kwenye uzio wenyewe. Nikapima upya watu saba, Kapteni akiwa nyuma ya bega langu. Kufikia hapo upepo ulikuwa umegeuka na kutoka ziwani, ukiingia moja kwa moja katika ukanda. Nilitazama moshi wa wadudu umelalia kwetu, nikaandika: saa moja na dakika kumi. Upepo uleule ambao ungemchelewesha njiani ndio ungeinua mabawa yake hapa. Sikuwahi kuona jambo moja likiwa dhidi ya mtu na upande wake kwa wakati mmoja. Nikatia sahihi.

Ndege ikakimbia. Mkia ukainuka pale miguu yangu ilipojua. Magurudumu yakaacha nyasi mbali kabla ya maji, na ikapanda juu ya ziwa, ikawa ndogo, ikawa sauti, ikawa hakuna. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Nilikaa mbele ya simu ya upepo nikihesabu sekunde nilizokuwa nimekatazwa kuziandika. Mwanza waliita baada ya saa moja na dakika tisa: imetua, abiria saba. Hospitali haikuwa na simu ya upepo. Zaidi ya hapo sikujua kitu kwa muda wa miezi miwili.

Kisha asubuhi moja meli ilileta watu, na Ma Kokugonza akaja hadi kibandani. Nyuma yake alikuja kijana mrefu mwenye magongo, mguu wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Alinisalimia kwa adabu, akaenda kusimama uzioni kuutazama ukanda, kutoka mwisho hadi mwisho.

Nilimuuliza mama alimwambia nini hata akakubali.

"Hakuna," alisema. "Nilipotoka Kishanda nilijua nitayapata maneno njiani. Safari zote mtu huyapata njiani. Nilipanda, nikaona Bumbire imelala majini kama ng'ombe, nikaona mitumbwi midogo kama buni, nikasema ngoja nitazame kidogo kisha nitafikiri. Tukashuka. Wakanipeleka mbio mpaka kitandani kwake, jua liko karibu utosini, daktari amesimama mlangoni, nami sina hata neno moja. Akaniangalia. Akasema, 'Mama, meli ya leo hakuna, umefikaje?' Nikamwambia nimekuja kwa ndege."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Wewe?' Nikasema mimi. Akasema, 'Juu ya ziwa lote hilo?' Nikasema lote. Akanishika mkono, akasema, 'Kama wewe hukuogopa, mimi nitaogopaje?' Kisha akamwita daktari, akamwambia wakate."